Uvira: Baiskeli za alfajiri zinahitaji alama nyekundu nyuma kabla ya torshi kubwa mbele

Katika juma ambalo mwezi hauonekani, ziwa Tanganyika mbele ya Uvira halilali. Mtu akisimama usiku kando ya maji, Kalundu, Kilomoni au Kavimvira, anaona mstari mrefu wa taa kama mtaa mwingine uliojengwa juu ya ziwa. Ni wavuvi wa ndagala. Wanawasha taa ili samaki wakusanyike chini ya mwanga, kisha wanainua wavu. Saa hizo hizo, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka uwanda wa Ruzizi, watu wanashuka na kinga zao katika giza kamili ili wafike pwani kabla mitumbwi haijamaliza kuuza. Majini kuna mwanga wa kutosha. Barabarani hakuna.

Jambo hilo lina sababu yake. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, na wengi wanasimamisha kazi kwa siku kadhaa, wanashona nyavu na kupumzika. Giza likirudi, uvuvi unarudi, ndagala wanapatikana kwa wingi pwani, na wachuuzi wa Kiliba, Runingu, Sange na vijiji vya kandokando wanapata sababu ya kuamka saa nane au saa tisa za usiku. Maana yake ni kwamba baiskeli zinakuwa nyingi barabarani katika zile siku za mwezi ambazo mtu haoni hata mkono wake. Mwenye kutafuta riziki kwa ndagala hawezi kuchagua usiku mwepesi. Usiku mwepesi hauna ndagala.

Si wachuuzi wa samaki peke yao. Kuna wanaoleta maziwa, makala, mihogo, miwa na mboga kwa soko la asubuhi. Kuna walinzi wanaorudi nyumbani baada ya zamu. Na kuna wengi ambao zamani hawakuwa watu wa barabara hii: familia zilizoteremka kutoka milima ya juu ya Uvira, Fizi na Mwenga kwa sababu ya vita, na zile ambazo nyumba zao zilibebwa na maji, kama wakati mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, au ziwa lilipopanda na kuingia mitaa ya chini. Mtu aliyekuwa na shamba lake na ng'ombe wake sasa ana kinga ya kuazima. Shamba la kukodi liko mbali, soko liko mbali, na kwa kuwa Uvira haiko mbali na ikweta, mwanga wa siku ni karibu saa kumi na mbili tu, mwaka mzima. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na muda mfupi baadaye ni usiku.

Ukisimama mahali pamoja barabarani na kutazama baiskeli hizo zikipita, utaona jambo moja linalorudia. Wale wenye pesa kidogo wamefunga torshi kali kwenye usukani, tena kali sana, ya kuangaza mpaka juu ya miti. Wengine wameshika simu mkononi au wameiweka mdomoni. Wengine hawana kitu. Lakini nyuma, karibu wote ni sawa: hakuna taa, hakuna kioo chekundu, hakuna hata karatasi ya kung'aa. Mzigo umefunika kila kitu.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kongo inapita upande wa kuume, na mwenye baiskeli anapita huko huko pamoja na magari. Kwa hiyo lori, taksi na pikipiki vinamfikia kwa mgongo. Shimo lililo mbele anaweza kuliona akiwa na mwanga mdogo, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole. Fuso inayotoka nyuma haioni kabisa, na dereva wake naye hamwoni. Torshi ya mbele haimsaidii hata kidogo kwa hatari hiyo, hata iwe na nguvu namna gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Kabla dereva hajaona, hajaelewa na hajakamata breki, mita 20 na zaidi zimekwisha kupita, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Kusimama kabisa kunaomba mita 40 au zaidi kwenye barabara kavu, na mvua ikinyesha ni zaidi ya hapo. Mtu aliyevaa koti jeusi, mwenye gunia la makala nyuma, anaonekana katika taa za kawaida za gari akiwa mita 30 hivi, au pungufu. Hata dereva asiyekunywa, asiyesinzia, mwenye breki nzima, hana nafasi ya kutosha. Na kila mtu wa uwanda anajua kwamba si madereva wote wa usiku wanaotimiza hayo matatu.

Kinyume chake, kioo chekundu cha kurudisha mwanga, kile kidogo kinachokuja na baiskeli mpya na ambacho watoto wanakivunja ndani ya mwezi mmoja, kinaonekana kutoka zaidi ya mita 100. Hakiombi betri. Hakiombi kuchajiwa. Vilevile ile karatasi nyekundu na nyeupe ya kubandika iliyo nyuma ya malori: kipande kirefu kama kiganja kinatosha. Kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva. CD ya zamani ambayo vijana wanapenda kuifunga nyuma inapendeza, lakini haifanyi kazi hiyo. Inang'aa tu ikipigwa na mwanga kwa pembe moja, na baiskeli ikiyumba kidogo inazimika.

Wapo wanaokataa taa kwa makusudi, na sababu yao si ya kuchekwa. Katika sehemu fulani za uwanda, mwenye taa anaonekana kutoka mbali na watu wenye nia mbaya. Mchuuzi anayekwenda pwani anabeba pesa za mtaji, mara nyingi si zake peke yake. Anaona ni heri kupita kimya katika giza, akitegemea kwamba anaijua njia. Wengine wamekwisha kupoteza kinga na pesa namna hiyo, na hakuna anayeweza kuwaambia kwamba wanaogopa bure.

Lakini woga huo unaelekea kwenye taa ya mbele, na hauna neno la kusema juu ya kioo cha nyuma. Kioo hakiwaki chenyewe. Mtu aliyejificha kichakani bila mwanga hakioni, anapita mtu mweusi katika usiku mweusi. Kinaamka tu pale taa za gari zinapokipiga, na hapo ndipo mwenye baiskeli anapotaka kuonekana. Kwa watu wanaopita sehemu za wasiwasi, hakuna kitu kingine cha bei ndogo kinachojibu hatari zote mbili kwa pamoja. Inashangaza kwamba karibu hakuna anayekisema.

Kwenye vizuizi vya askari mambo ni tofauti. Huko giza ni adui. Kivuli kinachokuja kimya saa tisa za usiku kinaweza kuchukuliwa kuwa kitu kingine. Wazoefu wa barabara wanapunguza mwendo mapema, wanainamisha mwanga chini kwenye ardhi badala ya kumulika nyuso za askari, wanashuka na kusukuma. Hawazimi taa ghafla, maana taa inayozimika ghafla mbele ya kizuizi inaleta maswali. Na pale ambapo kuna amri ya kutotembea usiku, hakuna taa inayoweza kubadilisha amri hiyo. Ni kungoja mapambazuko.

Tukirudi kwenye mwanga wa mbele, wengi wanachagua kwa kutazama ukali. Sokoni mtu anamulika ukuta, anaona duara jeupe linaloumiza macho, analipa. Torshi hiyo imetengenezwa kwa kutazama mbali, na mwanga wake ni mwembamba kama bomba. Barabarani inaonyesha mti ulio mita 80 mbele na kuficha jiwe lililo mita 5 mbele ya gurudumu. Isitoshe, ikiinuliwa juu inampofusha mwenye pikipiki anayekuja mbele, na mtu aliyepofushwa anaweza kumwangukia yule yule mwenye torshi. Inayofaa baiskeli ni yenye mwanga mpana, wa wastani, iliyofungwa imara na kuelekezwa chini, ili sehemu yenye mwanga mkali iangukie mita 8 au 10 mbele. Karibu na ziwa na mto Ruzizi, mwanga mpana una faida nyingine: viboko wanatoka majini usiku kula majani na wanavuka njia bila kumwomba mtu ruhusa. Afadhali kumwona kando ya njia mapema na kusimama mbali, kuliko kumkuta umeshafika kwenye miguu yake.

Sasa, hata taa nzuri haina maana ikiwa saa tisa za usiku betri yake imekwisha. Na katika nyumba nyingi, hasa za waliokimbia, inakuwa imekwisha. Si kwa sababu ni mbovu. Ni kwa sababu ni moja.

Familia inapopewa msaada, mara nyingi inapata taa moja ya jua. Taa hiyo inapikia chakula cha jioni. Mtoto anaifanyia kazi ya shule. Mgonjwa anaamka nayo usiku, dada anakwenda nayo chooni kwa sababu njia ya choo cha kambi si ya kupita bila mwanga, jirani anaiazima kwa dakika tano ambazo ni nusu saa. Baba au kaka anapoamka kuchukua kinga, anakuta mwanga mwekundu wa kuonyesha kwamba betri inaomba jua, na jua liko mbali. Anaondoka hivyo hivyo. Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyekosea. Kumlaumu mwenye baiskeli kwamba hana taa, bila kuhesabu kazi zote ambazo taa hiyo imekwisha kufanya tangu jioni, ni kusema bila kuangalia ndani ya nyumba.

Ndiyo sababu taa ya baiskeli inafaa iwe kitu tofauti na taa ya nyumba, hata kama ni ndogo sana. Taa nyekundu ndogo ya nyuma, yenye mawe mawili membamba ya torshi, inakula umeme kidogo mno. Ikiwekwa kwenye kuwakawaka inaweza kudumu makumi ya saa, maana yake juma kadhaa za safari za alfajiri. Na ina faida moja zaidi ambayo haiandikwi kwenye karatasi yake: mwanga mwekundu haufai kusomea wala kupikia, kwa hiyo hakuna anayeiazima.

Kwa wale wanaochaji kwa jua, kuna hesabu ambayo wauzaji hawaisemi. Taa nyingi ndogo za sokoni zina plake ya jua, ile sahani nyeusi iliyo juu yake, yenye nguvu ya nusu wati hivi. Ndani kuna betri ya miliampea 1200, tuseme. Betri hiyo ikijaa inashika zaidi ya wati nne kwa saa. Nusu wati kwa saa tano za jua kali inaleta mbili na nusu, na sehemu inapotea njiani. Kwa hiyo taa iliyokwisha kabisa inaomba siku mbili za jua zuri ili ijae, si siku moja. Wakati wa mvua, kuanzia Oktoba, inaweza kuomba tatu. Mtu anayeitumia kila usiku mpaka mwisho na kuianika siku moja anajidanganya: kila siku anaongeza nusu na kutumia nzima.

Kinachosaidia ni kuitumia kwenye mwanga mdogo. Taa nyingi zina hatua mbili au tatu, na ile ya chini inadumu mara tatu, mara nne ya ile ya juu. Kwa baiskeli inayokwenda polepole, ya chini inatosha isipokuwa kwenye madaraja na sehemu zilizobomoka. Plake nayo ielekezwe kwa jua lenyewe, si kuachwa dirishani nyuma ya kioo wala chini ya mwembe, na ifutwe vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la uwanda linafunika sahani kama unga. Lakini kama plake inatengana na taa kwa waya, iache plake juani na taa ivulini. Betri za lithiamu hazipendi joto, na bati la paa saa saba mchana linachoma mkono. Taa inayoanikwa kila siku juu ya bati inakufa mapema, kisha mwenyewe anasema kwamba ni taa ya bandia.

Za bandia zipo kweli, na nyingi. Betri ile ya mviringo inayowekwa ndani ya torshi za kuchaji, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, iliyo bora kabisa inashika karibu miliampea 3500. Sokoni zinapatikana zilizoandikwa 6800, 8800, hata 9900. Hakuna kiwanda kinachotengeneza hiyo. Maandishi makubwa namna hiyo ni ishara ya kuacha, si ya kununua. Njia nyepesi ni kuipima mkononi: betri nzima ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi, na ile nyepesi kama ganda tupu ndivyo ilivyo, ganda. Nyingine zimetolewa katika kompyuta za zamani na kuvalishwa nguo mpya. Mnunuzi aombe torshi iwashwe mbele yake kwa dakika kumi, na muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Nyumba za kuchaji simu ndizo tegemeo la wengi. Uvira mjini umeme unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi unakatika mara kwa mara, na katika vijiji vingi vya uwanda nyumba ya kuchaji inatumia plake za jua au mashine ya mafuta. Taa yenye waya wa simu inajaa hapo kwa saa mbili au tatu, haraka kuliko plake yake ndogo. Shida ni saa. Nyumba hizo zinafunguliwa asubuhi, mwenye baiskeli yuko njiani. Zinafungwa jioni, bado hajarudi. Kwa hiyo anachaji siku ambayo hafanyi kazi, na siku hiyo simu ya nyumba nzima iko kwenye foleni mbele yake. Mwenye kuchaji naye anapendelea simu, kwa sababu ndiyo wateja wengi.

Mawe makubwa ya torshi yanapatikana kila duka, na hiyo ndiyo sifa yao. Yanaisha upesi, na yakiachwa ndani ya torshi baada ya kuisha yanatoa maji yanayokula chuma. Kwa mwanga wa mbele wa kila siku ni njia ya gharama kuliko inavyoonekana: mtu anatoa kidogo kila juma na hajumlishi. Yakiisha yasitupwe ziwani wala bustanini, wala watoto wasipewe wayapasue kutafuta ule unga mweusi.

Kuna kitu ambacho wazee wa uwanda wanakikumbuka na vijana wamekisahau: dinamo. Chupa ndogo inayosugua ubavu wa mpira, volti 6, wati 3, inayogawa umeme kati ya taa ya mbele na ya nyuma. Inaomba miguu tu. Ukiweka balbu ya LED mahali pa ile ya zamani, mwanga wake unatosha kabisa. Ina kasoro zake: inafanya kinga kuwa nzito kidogo, kwenye matope inateleza, na mtu akishuka kusukuma mzigo mzito, taa inakuwa hafifu au inazimika. Na wengi wanasukuma, hasa wanaobeba makala. Hivyo dinamo peke yake haitoshi, ila dinamo pamoja na kioo chekundu ni jozi ambayo haingoji jua, haingoji umeme na haigombaniwi na jikoni. Fundi wa kinga anayejua kuifunga vizuri anastahili kutafutwa kabla hajazeeka.

Wavuvi wenyewe wanaonyesha kwamba mambo haya yanajifunzwa. Miaka si mingi iliyopita mitumbwi ya ndagala ilitumia taa za mafuta zenye pampu, zilizokunywa mafuta usiku kucha. Leo wengi wana taa za LED na betri kama zile za pikipiki au za gari, na wanajua kwamba betri ya namna hiyo ikimalizwa kabisa kila usiku inaharibika, kwa hiyo wanaacha akiba ndani yake na kuipeleka kuchajiwa asubuhi hiyo hiyo. Hakuna mvuvi anayekwenda majini na betri ambayo mke wake ameitazamia televisheni. Taa ni chombo cha kazi, kama wavu. Mchuuzi anayekuja kumnunulia samaki hajafika hapo bado: kwake kinga ni chombo cha kazi, kikapu ni chombo cha kazi, mwanga ni kitu cha kuazima.

Mahali pa kufunga alama ya nyuma panaomba akili kidogo. Ikifungwa chini ya kiti, gunia linaifunika na ni kama haipo. Ikifungwa juu ya gunia, inabaki sokoni pamoja na gunia. Inafaa ikae chini, kwenye chuma kinachoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu ndiko magari yanakopitia. Kipande kingine cha karatasi ya kung'aa kibandikwe kwenye bati la matope, na vipande vidogo kwenye pedali. Pedali zinazopanda na kushuka zinamwambia dereva kutoka mbali kwamba mbele kuna mtu kwenye baiskeli na si kigingi. Matope yafutwe kila jioni, maana kioo chenye matope ni jiwe. Na taa nyeupe isiwekwe nyuma hata siku moja, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema: dereva atadhani kitu kinakuja kwake, na atakwepa upande usiofaa.

Sheria haiko kinyume na hayo. Kongo ina kanuni zake za barabara tangu mwaka 1978, na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unasema wazi kwamba baiskeli iwe na kioo chekundu nyuma, na iweze kuonyesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Ila mtu asikimbilie kusema polisi waanze kukamata baiskeli zisizo na taa. Kila mtu wa barabara hii anajua jinsi amri mpya inavyoweza kugeuka kuwa malipo mapya kwenye kizuizi. Mchuuzi atatoa franga, atapita, na ataendelea bila taa, akiwa na pesa pungufu za kuinunua. Askari anayebandika kipande chekundu kwenye kinga iliyosimama mbele yake anafanya kazi kubwa kuliko anayeandika karatasi ya faini.

Wenye nafasi ya kufanya jambo wako karibu zaidi. Mwenye mzigo anayemkabidhi kijana magunia mawili ya makala au kikapu cha ndagala anahesabu kila kilo, anakagua kamba, anaangalia mpira kama una upepo. Aangalie na nyuma. Gharama ya karatasi ya kung'aa ni ndogo kuliko samaki wanaomwagika mara moja, bila kumtaja aliyeangushwa nao. Vyama vya wenye kinga, ambavyo vinachangisha mwanachama akipata msiba, vinaweza kununua mkunjo mmoja mzima wa karatasi hiyo na kuukata. Mkunjo mmoja unatosha baiskeli nyingi. Mashirika yanayogawa taa kwenye kambi yangefanya vizuri kuuliza swali moja kabla ya kuandika orodha: ni nani katika nyumba hii anayetoka kabla ya jua? Kwa nyumba hiyo, kioo kimoja na taa nyekundu moja ndogo viongezwe ndani ya mfuko, pamoja na taa kubwa ya nyumba.

Na wenye nyumba za kuchaji wana biashara ambayo hawajaiona. Ratiba ya giza inajulikana, iko kwenye kila kalenda yenye miezi. Mwenye nyumba ya Kiliba au Sange atakayepokea taa jioni na kufungua mlango saa nane za usiku, kwa zile siku chache tu ambazo ziwa linawaka, atapata wateja ambao leo wanapita mbele ya mlango wake bila kusimama, kwa kuwa umefungwa.